Nani Atalipia Majina ya Samaki?

Shikamooni walimu wangu na wakubwa zangu mlioko hapa. Vijana wa bahari na vijana wa kompyuta, habari za asubuhi.

Waandaaji walinitumia mawazo yenu ya programu za data za sayansi niyasome kabla ya kuja, nami nimeyasoma yote. Leo nitashika moja tu, kwa ruhusa ya wenyewe: programu ya majina ya samaki. Nimelichagua kwa sababu limetoka kwa watu wanaoijua pwani, na maswali yake yanakihusu kila kikundi kilichomo humu.

Kwa ambao hamkulisoma, wazo lenyewe ni hili. Kwenye daftari la diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, huandikwa changu, pono, chewa, tasi. Lakini changu wa diko moja anaweza kuwa spishi nyingine kwenye diko la jirani, na pono ni jina linalobeba spishi nyingi kwa pamoja. Daftari likitoka diko likaenda wilayani, kisha wizarani, kisha kwa mtafiti, kuna mtu mahali fulani analazimika kukaa akigeuza jina moja moja kuwa jina la kisayansi, kwa kumbukumbu yake au kwa kubahatisha. Vijana wetu wanataka programu itakayosoma jina la kienyeji pamoja na mahali, msimu na zana iliyotumika, iwe mshipi, dema au jarife, kisha ipendekeze spishi inayoelekea kuwa ndiyo.

Inawezekana. Sina shaka na hilo, na wapo humu wanaoweza kuianza usiku huu. Ninachotaka tukijadili ni nani anaihitaji kiasi cha kutoa fedha, na mtamjuaje kabla hamjamaliza mwaka mzima mkiandika kodi, yale maagizo ya kompyuta.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa khanga na kwa halua naikubali methali hiyo. Kwa programu za sayansi siikubali, na ushahidi wangu ni huu.

Zipo jeni za binadamu ambazo vifupisho vyake vilifanana na tarehe. Moja iliitwa SEPT2, nyingine MARCH1. Ukiandika SEPT2 kwenye Excel, yenyewe inaigeuza kuwa tarehe mbili Septemba bila kukuuliza. Tatizo hili liliandikwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2004, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema halikujulikana. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walipitia makala za jenomiki, sayansi ya jeni, za miaka kumi na wakakuta kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika Excel zilikuwa na makosa hayo. Tafakarini ukubwa wake: majarida yanayoheshimika, wahariri, wahakiki, na bado jeni imegeuka tarehe. Zilitengenezwa hata programu ndogo za bure za kuzuia kosa hilo. Mwishowe nini kilifanyika? Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni ilitangaza mabadiliko: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Miaka mitatu baadaye Microsoft, wenye Excel, nayo ikaweka kitufe cha kuzima ule ugeuzaji.

Wanasayansi waliona ni rahisi kubadilisha majina ya jeni za binadamu kuliko kuiacha Excel.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu kwa macho ya mtu wa programu lilikuwa soko la uhakika: tatizo kubwa, lenye ushahidi uliochapishwa, lenye maelfu ya waathirika. Kasoro ilikuwa moja. Aliyefanya kosa hakuumia. Makala yake ilichapishwa, ruzuku yake haikuguswa, akapanda cheo kama kawaida. Hasara ilimwangukia msomaji aliyekuja baadaye kuitumia ile orodha, na msomaji huyo hana bajeti ya kumnunulia mwandishi programu.

Sasa rudini kwenye samaki. Bwana diko akiandika changu na asiseme changu gani, nani anaumia? Yeye haumii, kazi yake ni kuhesabu na kupima, na kazi hiyo ameifanya. Ofisa wa wilaya haumii. Jumla ya kilo imetoka. Mtafiti ndiye anayesumbuka, lakini mtafiti wa uvuvi mara nyingi anayo njia ya kupita: anaandika ripoti kwa ngazi ya familia, samaki wote wa jamii ya changu anawaweka kapu moja, na ripoti inakubaliwa. Kama anaweza kuishi hivyo miaka yote, basi ameshawajibu, hata kama hajawaambia kwa mdomo.

Na kwa mdomo hatawaambia. Hapa kwetu tuna jambo linalofanya kupima soko kuwa kazi ngumu zaidi: tumelelewa vizuri. Kijana akimfuata mtafiti mkubwa, akamwonyesha michoro yake na kumuuliza, mzee wangu, hii ungeitumia?, mzee hatasema hapana. Atasema wazo zuri sana mwanangu, Mungu akubariki, nchi inawahitaji vijana kama ninyi. Hiyo ni dua, ipokeeni kwa mikono miwili. Lakini msiihesabu kama mteja. Nimeona vikundi vikiwa na madodoso yaliyojazwa na watu wengi, karibu wote wamejibu ndiyo, na siku ya kulipa hakuna aliyefika. Waliojibu hawakudanganya. Waliulizwa juu ya kesho, na kesho kila mtu ni mkarimu.

Ulizeni juu ya jana. Mara ya mwisho mliporekebisha majina ya samaki ilikuwa lini? Nani alikaa akayarekebisha? Alilipwa kutoka fungu gani? Pale aliposhindwa mlifanya nini? Kama hakumbuki mara ya mwisho, haikuwa shida kwake. Akikumbuka, akaanza kueleza kwa hasira jinsi walivyochelewesha ripoti na jinsi kijana wa mafunzo alivyoondoka na faili, hapo vuteni kiti.

Kisha ombeni kuliona faili lenyewe. Hili ndilo nitakalolisisitiza kuliko yote leo. Msikubali kusimuliwa, ombeni kuonyeshwa. Mkikuta kwenye Excel yao kuna safu ya ziada iliyoitwa jina_sahihi, imepakwa rangi ya njano, na pembeni kuna karatasi nyingine yenye orodha ya majina ya kienyeji na ya kisayansi ambayo mtu aliianza zamani na wengine wakaendelea kuijaza, mmepata ushahidi mzito kuliko madodoso yote. Mtu tayari ameitengeneza programu yenu kwa mikono yake, vibaya, kwa sababu hakuwa na jinsi. Huyo ana haja. Na mkikuta ile safu haipo, ofisi baada ya ofisi, ziaminini hizo faili.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaeni siku nzima na karani wa data. Mtakuta pengine jina la samaki ni shida ya tatu au ya nne kwake; ya kwanza ni kwamba madaftari yanafika yameloa, ya pili ni kwamba kilo imeandikwa ya chombo kizima bila kugawa kwa aina. Hayo nayo ni majibu.

Kuna mfano wa upande mwingine, wa haja iliyojionyesha yenyewe, na ni wa hapa Afrika Mashariki. Pale Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini ya kutunza data. Ulikuwa wa kituo kimoja cha afya. Mpango wa tiba ya VVU uliojulikana kama AMPATH ulipokua, wagonjwa wakaongezeka, kliniki zikaongezeka, na ule mfumo ukazidiwa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief wakaanza na wenzao kazi iliyokuja kuitwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo iko katika nchi nyingi. Angalieni kilichokuwepo kabla ya mstari wa kwanza wa kodi: mfumo unaotumika kila siku, unaolemewa, wagonjwa wanaosubiri, na wafadhili wanaodai ripoti kwa tarehe. Hakuna aliyehitaji kuulizwa kama angependa kitu bora zaidi.

Nirudie hilo la tarehe, maana ndiko nilikoona njia kwa wenzetu wa samaki.

Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako Shelisheli, inazitaka nchi wanachama zipeleke takwimu za uvuvi za mwaka uliotangulia ifikapo tarehe 30 Juni. Tanzania ni mwanachama, Kenya ni mwanachama. Kamisheni inasimamia spishi 16, nazo ni za jodari na jamaa zake, nguru, sulisuli na wenzake, pamoja na samaki-upanga. Takwimu zinatakiwa kwa spishi. Huwezi kupeleka kapu la "jodari" na kunyamaza, kwa sababu jodari wa daftari la diko anaweza kuwa mmojawapo wa spishi kadhaa zinazohesabiwa kila moja peke yake. Mnaona ilivyogeuka? Changu na tasi, samaki mlioanza nao kwa sababu ndio wanaochanganya zaidi na ndio tunaowapenda mezani, hawana mtu anayewasubiri kwa tarehe. Nguru na jodari wanaye.

Tena kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa ziada. Uvuvi wa pwani uko chini ya wizara mbili, ya Bara na ya Zanzibar, na bahari kuu ina mamlaka yake ya pamoja yenye makao Fumba, Zanzibar. Ripoti ya nchi kwa kamisheni ni moja. Kwa hiyo kuna mtu, au watu wachache sana, ambao kila mwaka lazima waunganishe majedwali yaliyozaliwa katika ofisi tofauti, kwa fomu tofauti, yenye majina yasiyolingana. Mimi ningekuwa ninyi ningewaacha wengine wote kwanza, nimtafute mtu huyo. Ningemuuliza anavyoupitisha mwezi wa Mei.

Huenda akasema, ah, sisi tuna karatasi yetu, inachukua siku mbili, hatuna shida. Basi mmeokoa mwaka wa maisha yenu kwa mazungumzo ya nusu saa. Huenda akafungua kompyuta na asiifunge mpaka adhuhuri.

Sasa kuna suala la vitu vya bure, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu katika data za sayansi mshindani wenu mkubwa mara nyingi hauzi chochote. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina programu ya ARTFISH kwa takwimu za uvuvi mdogo. FishBase, hifadhidata ya samaki iliyoko mtandaoni, ina majina ya kienyeji ya samaki kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na kila mtu anaweza kuitafuta. KoboToolbox inakusanya data uwandani bila malipo kwa mashirika mengi. WorldFish, shirika la utafiti wa uvuvi, walijenga Peskas, mfumo wa kufuatilia uvuvi mdogo, kwa ajili ya Timor Mashariki na wameileta Zanzibar. Mkienda kwa mteja bila kuvijua vitu hivi, atavijua yeye, nanyi mtatoka mmeaibika.

Lakini kuwepo kwa cha bure hakumaanishi mlango umefungwa. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Gaetano Borriello na wanafunzi wake walianza Open Data Kit, programu huria ya kukusanya data kwa simu. Mtu yeyote aliweza kuichukua bure. Juu ya msingi huo huo ikajengwa SurveyCTO, ambayo ni ya kulipia, na watafiti wa uchumi na afya wakailipia. Walikuwa wananunua nini wakati mashine yenyewe ilikuwa bure? Ukaguzi wa ubora wa data, ulinzi wa siri za waliohojiwa, na mtu wa kujibu pale mambo yanapokwama huku wahojaji wako kijijini na gari la kukodi linahesabu siku. Kwa hiyo muulizeni mteja wenu kile cha bure kilimwachia wapi. Jibu la swali hilo ndilo linaloweza kuwa biashara. Pengine hata si programu. Pengine ni watu watatu wanaoijua kazi, wanaopokea simu tarehe 20 Juni.

Ndiyo maana nawaomba msianze na kuandika programu. Ombeni kwa barua rasmi data za mwaka mmoja za wilaya moja, zile zilizokwisha kuripotiwa. Zisafisheni kwa mkono, kwa Excel yenu wenyewe, mkikaa na wavuvi na bwana diko kuhakiki majina. Rudisheni faili likiwa na orodha ya kila badiliko na sababu yake, ili mtakwimu aweze kukubali au kukataa moja moja. Na tozeni bei. Iwe ndogo, lakini iwe bei, yenye ankara, ipite kwa mhasibu. Siku ankara inapopita mikononi mwa mhasibu mtajifunza mambo ambayo hamtayapata kwenye mafunzo yoyote ya ujasiriamali: nani hasa anatia saini, kama ofisi inaruhusiwa kununua programu ya kulipia kila mwaka au inanunua mara moja tu, kama lazima zabuni itangazwe, kama data zinaruhusiwa kutoka kwenye seva ya serikali.

Wengi wenu mna barua za kuunga mkono mlizopewa na taasisi, na mnazionyesha kama ushahidi wa soko. Barua hiyo haikumgharimu kitu aliyeiandika. Mwombeni kitu kinachomgharimu: siku mbili za karani wake, au mstari mmoja kwenye bajeti yake. Kwa mtafiti, mwombeni awaandike kwenye andiko la mradi analoliandaa sasa, kwa jina na kwa kiasi. Wafadhili wa sayansi wamebadilika katika hili. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, tangu tarehe 25 Januari 2023, zinamtaka kila mwombaji wa ruzuku ya utafiti unaozalisha data awe na mpango wa kuzitunza na kuzishiriki, na zinaruhusu gharama zake ziingizwe kwenye bajeti. Wa samaki hamtapeleka maombi huko, lakini wenzenu wa kikundi cha sumu za mwani na afya ya walaji waliangalie hilo. Pale ambapo fungu lina jina, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Na muangalie kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, unaisha tarehe 30 Juni, siku ile ile ya ripoti ya kamisheni. Ukienda kuuza mwezi Juni unamkuta mtu aliyechoka, asiye na senti, anayekimbizana na ripoti. Ukienda Julai anakumbuka mateso yake vizuri sana lakini bajeti mpya imeshapitishwa bila jina lako. Nendeni Julai mkasikilize, mfanye ile kazi ya mkono, kisha mrudi na matokeo wakati ofisi zinaandaa mapendekezo ya bajeti inayofuata. Hiyo inamaanisha kwamba malipo makubwa ya kwanza yako mbali. Kikundi kisichoweza kusubiri kwa muda huo kitafute mteja wa aina nyingine, na kukiri hivyo mapema ni uungwana kwa familia zenu.

Mteja wa aina nyingine yupo? Tuangalie kampuni. Benchling, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya data za maabara za biolojia, iliwapa watafiti wa vyuo bure, na fedha zikatoka kwa kampuni za dawa na bioteknolojia. Kwetu wenye fedha katika samaki ni wauzaji wa nje. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2010, unataka hati ya uvuvi kwa samaki wa baharini wanaoingia sokoni kwake, na hati hiyo inataja spishi. Nilipofika hapo nilifurahi, kisha nikafikiri tena. Sehemu kubwa ya kinachotoka pwani yetu kwenda Ulaya ni pweza, na pweza hana utata wa jina unaohitaji programu. Wanaosafirisha samaki wa miamba, kwenda Ulaya au Ghuba, ndio wa kubishiwa hodi. Wako wangapi? Andikeni orodha yao kwa majina. Katika soko dogo kama hili msiniletee asilimia ya soko la dunia la teknolojia ya uvuvi. Nileteeni orodha ya ofisi na kampuni, kila moja na jina la mtu anayeshika kalamu, mliyemwona kwa macho.

Nikihesabu harakaharaka, serikalini ni Bara, Zanzibar, ile mamlaka ya bahari kuu, Kenya na kaunti zake za pwani, pengine Komoro. Msumbiji, Madagaska na Oman nazo ni wanachama wa kamisheni, lakini majina ya samaki ni mengine, kila nchi itataka kamusi yake ijengwe upya na watu wa huko. Kwa idadi hiyo programu inaweza kuwalisha watu wachache vizuri. Haiwezi kuwalisha wawekezaji wanaotaka fedha yao irudi mara kumi, kwa hiyo msichukue fedha ya namna hiyo kwa wazo hili. Chukueni ruzuku, au jilipeni kwa kazi ya kusafisha data huku programu ikikua taratibu kutokana na kile mnachokifanya kwa mkono kila mwaka. Mimi naiona hiyo kuwa njia ya heshima kabisa. Bahari yetu inahitaji kuhesabiwa vizuri, na wanaoihesabu wanastahili kuishi kwa kazi hiyo.

Muda wangu umekwisha na maswali ni mengi. Naomba tuanze na wenzetu wa idara ya uvuvi walioketi kule nyuma, kwa sababu wao ndio wanaojua ripoti ya Juni inavyoandaliwa, na vijana wa kikundi cha majina ya samaki wana daftari tayari.